Mafungu ya Mirathi na Hesabu za Kompyuta

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake. Ama baad.

Katika zama hizi watu wengi hugawa mirathi kwa simu au kompyuta. Mtu huingiza majina ya warithi na thamani ya mali, kisha mashine humpa jibu. Swali letu katika makala haya ni hili: je, inafaa imamu au msimamizi wa mirathi kuitegemea hesabu hiyo? Tunaona inafaa, kwa sharti moja kubwa: sehemu zibaki kuwa sehemu tangu mwanzo hadi mwisho wa hesabu, wala zisigeuzwe kuwa desimali njiani. Tutaeleza sababu yake kifiqhi na kihesabu, kwa kuwa anayepuuza sharti hili anaweza kumnyima mrithi haki yake yote na asijue.

Hali ya mahali kama Mtowisa

Mtowisa ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya mteremko wa Lyamba lya Mfipa unaoshuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa. Ni nchi ya mpunga, mahindi na ng'ombe, na Waislamu wa huko ni wachache. Anapofariki Muislamu katika mahali kama hapo, mzigo wa kugawa humwangukia imamu wa msikiti. Tanzania Bara haina mahakama za kadhi za dola tangu zile za zamani zilipoondolewa kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, lakini nani apate kiasi gani ndilo swali linaloletwa msikitini.

Imamu huyo hana kadhi wa kumuuliza jirani. Ana kitabu chake, ana kalamu, na siku hizi ana simu mfukoni. Ndiyo maana ni wajibu kujua simu hiyo inahesabu vipi.

Mafungu sita

Allah (s.w.) amebainisha mafungu ya mirathi katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, 12 na 176. Mafungu yaliyotajwa ni sita tu: nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi moja na sudusi. Wanazuoni wa faraidh wameyapanga katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni nusu, nusu yake na nusu ya nusu yake, yaani 1/2, 1/4 na 1/8. Kundi la pili ni thuluthi mbili, nusu yake na nusu ya nusu yake, yaani 2/3, 1/3 na 1/6. Msomaji ayaweke moyoni makundi haya mawili, kwani tutakuja kuona kwamba kompyuta nayo huyatenganisha vivyo hivyo.

Baada ya kuyataja mafungu haya, Allah (s.w.) ameyaita mipaka Yake na akatoa onyo kali kwa atakayeivuka. Kwa hiyo sudusi ni sudusi. Haikusemwa "kiasi kinachokaribia sudusi".

Asili ya mas-ala

Wanazuoni wetu walitimiza amri hii kwa njia ya asili ya mas-ala. Hutafutwa namba nzima ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa mafungu yote ya warithi waliopo, kisha kila mrithi hupewa hisa nzima kutoka humo. Asili zilizokubaliwa kwa wenye mafungu ni saba: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi naye huiita namba ya chini ya sehemu "asili" na namba ya juu "kiasi". Neno ni lile lile na maana ni ile ile.

Ikiwa hisa zimezidi asili, asili huongezwa, na hii ndiyo awl. Mfano mashuhuri ni Al-Minbariyya, aliyoulizwa Ali (r.a.) akiwa juu ya mimbari: mke, mabinti wawili, baba na mama. Asili ni 24. Mke ana 3, mabinti 16, baba 4 na mama 4, jumla 27. Asili ikawa 27, na thumni ya mke ikawa tusui, yaani moja ya tisa. Alilijibu pale pale, kwa sababu hesabu ya namba nzima haina mkia unaoning'inia.

Asidhani mtu kwamba walitumia sehemu kwa kutoijua desimali. Al-Uqlidisi aliandika juu ya sehemu za desimali huko Damascus mwaka 341 Hijria (952/953 Miladia), na Al-Kashi akazifafanua kwa ukamilifu katika Miftah al-Hisab mwaka 830 Hijria (1427 Miladia). Al-Khwarizmi, ambaye jina lake ndilo asili ya neno algoriti, aliandika kitabu chake cha al-jabr katika zama za Khalifa Al-Ma'mun, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni mas-ala ya wasia na mirathi. Walizijua njia zote mbili, na katika faraidh wakabaki na sehemu. Huku kwetu pia, kitabu cha Mirathi cha Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy wa Tanga, kilichochapwa mwaka 1923 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya P. E. Mitchell, ni katika elimu hiyo hiyo.

Kompyuta inavyohifadhi namba

Kompyuta huandika kila namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa hesabu zenye nukta, programu nyingi hufuata kanuni iitwayo IEEE 754, iliyotolewa mwaka 1985. Katika umbo lake linalotumika zaidi, namba hupewa nafasi ya tarakimu 53 za namna hiyo, na kinachozidi hukatwa na kukadiriwa.

Katika mfumo huo, sehemu inayoingia bila kupunguka ni ile tu ambayo asili yake ni 2 iliyozidishwa kwa 2 mara kadhaa. Basi 1/2, 1/4 na 1/8 huingia kamili. Ama 2/3, 1/3 na 1/6, haziingii kamili hata moja, kama vile katika desimali ya kawaida 1/3 huwa 0.333 isiyokwisha. Kwa maneno mengine, kundi la kwanza la mafungu kompyuta hulihifadhi sawasawa, na kundi la pili hulihifadhi kwa kukadiria.

Mtu atasema: kosa hilo ni dogo mno, halifikii hata senti. Ni kweli. Kwa kiasi cha fedha peke yake, kosa hilo halionekani. Lakini mirathi si kuzidisha tu. Ndani yake kuna hukumu zinazosimama juu ya swali la ndiyo au hapana: je, mafungu yamezidi mali, ili tufanye awl? Je, kimebaki kitu, ili tuwape asaba au turudishe kwa radd? Au mali imekwisha barabara? Hapo kosa dogo kuliko chembe huweza kugeuza hukumu nzima.

Mas-ala ya Mushtaraka

Tuchukue mfano. Amefariki mwanamke na kuacha mume, mama, ndugu wawili wa kiume wa kwa mama, na ndugu wawili wa kiume wa baba na mama. Mume ana nusu, ndugu wa kwa mama wana thuluthi moja, na mama ana sudusi. Asili ni 6: mume 3, ndugu wa kwa mama 2, mama 1. Jumla ni 6 kwa 6. Ndugu wa baba na mama ni asaba, nao huchukua kilichobaki. Hakikubaki kitu.

Mas-ala haya yaliletwa mbele ya Umar (r.a.). Imepokewa kwamba mwanzo alihukumu ndugu wa baba na mama wasipate kitu. Yalipomfikia tena, ndugu hao walitoa hoja kwamba, hata tukimwacha baba kabisa, mama yao si ndiye yule yule mmoja? Akawashirikisha katika thuluthi, na hukumu yake ya mwanzo hakuitengua kwa wale waliokwisha kuhukumiwa. Imam Shafii na Imam Malik wameshika hukumu ya kushirikisha. Imam Abu Hanifa na Imam Ahmad wameshika ile ya kwanza. Kwa kuwa wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Shafii, kwetu ndugu wote wanne wanagawana thuluthi kwa usawa. Asili 6 inazidishwa kwa 2 na kuwa 12: mume 6, mama 2, na kila ndugu 1. Kama mali ni shilingi 12,000,000, mume ana 6,000,000, mama 2,000,000, na kila ndugu 1,000,000.

Sharti la kushirikisha ni kwamba mafungu yamemaliza mali yote. Sasa tuipe kompyuta hesabu hiyo kwa namba za IEEE 754. Tukijumlisha kwa mpangilio wa mume, mama, kisha ndugu, yaani 1/2 + 1/6 + 1/3, jibu ni 1. Tukijumlisha kwa mpangilio wa mume, ndugu, kisha mama, yaani 1/2 + 1/3 + 1/6, jibu ni 0.9999999999999999. Warithi ni wale wale, mali ni ile ile, ila mpangilio wa kuandika umebadilika.

Programu iliyoandikwa bila hadhari itasema: kimebaki kitu, basi sharti la kushirikisha halikutimia. Kitu chenyewe ni sehemu moja kati ya 9,007,199,254,740,992. Itawapa asaba masalio hayo, na kwenye kioo yataonekana kuwa shilingi 0.00. Ndugu wawili wa kwa mama watapewa shilingi 2,000,000 kila mmoja, na ndugu wawili wa baba na mama watatoka mikono mitupu. Kosa lisilofikia senti limehamisha shilingi milioni mbili. Na imamu atakayesoma jibu hilo ataona limenyooka, kwa sababu linafanana na hukumu ya Hanafi. Hatakuwa na sababu ya kulitilia shaka.

Maktaba za sehemu kamili

Dawa yake ipo, nayo ni ile ile ya wanazuoni wetu. Wataalamu wa kompyuta wametengeneza maktaba, yaani mikusanyo ya programu ndogo ambazo programu nyingine huziazima, zinazohifadhi kila sehemu kwa namba nzima mbili: kiasi na asili. Inayojulikana zaidi ni GMP, iliyoanzishwa na Torbjörn Granlund na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Ndani yake 1/3 ni 1 na 3, hakuna kinachokatwa. Namba zake hazina kikomo ila nafasi ya kumbukumbu ya mashine. Humo 1/2 + 1/3 + 1/6 ni 1 kamili, kwa mpangilio wowote.

Kwa nini basi waandishi wa programu hawakuzitumia daima? Sababu kubwa ni kasi. Namba za IEEE 754 huhesabiwa na chuma chenyewe cha mashine, lakini kujumlisha sehemu kunahitaji kuzidisha, kutafuta kigawo kikubwa cha shirika (KKS), kisha kurahisisha. Lugha ya Python ilipewa sehemu kamili mwaka 2008, lakini kwa kuwa zimeandikwa kwa Python yenyewe, huenda polepole. Maktaba kama GMP zimekompailiwa, yaani zimegeuzwa kuwa lugha ya mashine kabla ya kutumika, na kwa hiyo hukimbia zaidi. Ipo pia quicktions, iliyochukua sehemu za Python na kuzikompaili. Maktaba ya FLINT nayo huweka namba ndogo katika nafasi moja ya mashine, na ikikuta namba kubwa ndipo hufuata njia ndefu. Hili linafaa sana kwa mirathi, kwani asili zake nyingi ni ndogo.

Kasi nyingine imetoka katika njia ya hesabu. Mwaka 1956 Peter Henrici alionyesha kwamba ni bora kutafuta KKS ya asili mbili kabla ya kuzizidisha, ili namba zisivimbe bure. Asili zisipokuwa na kigawo cha shirika, hakuna haja ya kurahisisha mwishoni. Mwanafunzi wa faraidh atatambua mara moja: hii ni tawafuq na tabayun. Vitabu vyetu hufundisha kuzitazama namba mbili kwa uhusiano wa namna nne, yaani tamathul, tadakhul, tawafuq na tabayun. Zikiafikiana, chukua wafki ya mojawapo uizidishe kwa nyingine. Zikitofautiana, zidisha zote.

Mfano wa shamba la mpunga

Uzito wa jambo hili huonekana katika munasakha, yaani anapofariki mrithi kabla ya mali kugawanywa. Katika vijiji vyetu hili ni jambo la kila siku, kwani mashamba hukaa miaka bila kugawanywa.

Tuchukulie familia ya Mtowisa yenye ekari 18 za mpunga, baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia. Amefariki baba, akaacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Asili ni 8, na baada ya tas-hih ni 40: mke 5, kila mwana 14, binti 7.

Kabla ya kugawa, mwana mmoja akafariki, akaacha mke, mama yake, mabinti watatu, na yule kaka na dada yake. Asili ni 24, na baada ya tas-hih ni 72: mke 9, mama 12, kila binti 16, kaka 2, dada 1. Hisa zake katika mas-ala ya kwanza ni 14. Tunatafuta KKS ya 72 na 14 kwa kuondoa ndogo katika kubwa: 72 ukiondoa 14 mara tano hubaki 2, na 14 hugawanyika kwa 2 bila kubaki kitu. Basi zinaafikiana kwa nusu. Wafki ya 72 ni 36, na 40 mara 36 ni 1,440. Bila kuangalia tawafuq tungefika 2,880.

Katika hisa 1,440, mama ana 264, mwana aliyebaki 518, binti wa marehemu wa kwanza 259, mke wa mwana aliyefariki 63, na kila mjukuu 112. Jumla ni 1,440 barabara. Kisha mama naye akafariki, na warithi wake ni mwanawe na bintiye tu, kwani wajukuu wamezuiwa na mwana. Hisa 264 zinagawanyika kwa 3: mwana 176, binti 88. Mwisho mwana ana 694, binti 347, mke wa mwana aliyefariki 63, na kila mjukuu 112. Kwa ekari 18, mwana ana ekari 8.675, binti 4.3375, mke huyo 0.7875, na kila mjukuu 1.4.

Sasa tumtazame anayefanya hesabu hii kwa kikokotoo na kuandika tarakimu mbili tu baada ya nukta katika kila hatua. Mgawo wa kwanza utakuwa 0.13, 0.35, 0.35 na 0.18. Jumla ni 1.01. Tayari amegawa 0.18 ya ekari ambayo haipo. Katika mgawo wa pili, mke wa marehemu ataandikiwa 0.04 badala ya 0.04375, na katika ekari 18 amepungukiwa mita za mraba zipatazo 273. Ama dada, fungu lake kutoka kwa kaka yake ni 7 katika 1,440, yaani 0.00486. Ataandikiwa 0.00. Mita za mraba zipatazo 354 za haki yake, kiwanja cha kujenga nyumba, zimefutwa kwa kalamu.

Tunaona waliopunjwa zaidi hapa ni mjane na dada. Anayekadiria humuumiza kwanza mwenye fungu dogo.

Nasaha

Kwanza, anayetaka kutumia programu yoyote ya mirathi aijaribu kwa Mushtaraka, akiwaingiza warithi kwa mipangilio miwili tofauti. Jibu likitofautiana, aiache.

Pili, programu nzuri huonyesha asili moja na hisa za kila mrithi kwa namba nzima, ili imamu aweze kuzijumlisha kwa kalamu mbele ya warithi. Inayotoa asilimia au shilingi peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Tatu, wenye kuandika programu wachunge pia ukubwa wa namba. Sehemu zilizofungwa katika nafasi za kawaida za mashine huweza kufurika. Asili ikizidishwa kwa 72 katika kila kifo, vifo kumi na moja vinatosha kuipita nafasi ya tarakimu 64. Namba zisizo na kikomo, kama za GMP, zimeondoa hofu hiyo.

Nne, kukadiria kuwe mwisho kabisa, wakati wa kukabidhi fedha au kupima ardhi, na kuwe kwa kuridhiana. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kusamehe haki yake. Yatima hawezi, na walii wake hana ruhusa ya kumsamehea. Basi shilingi inayoshindikana kugawanyika itoke katika fungu la mkubwa aliyeridhia, wala isitoke katika fungu la mtoto.

Tano, mashine haijui ni nani mrithi. Kuthibitisha ndoa na nasaba, kulipa madeni, kutekeleza wasia usiozidi thuluthi, kujua nani amemzuia nani, na madhehebu yapi yafuatwe, hayo yote ni kazi ya mwenye elimu. Kompyuta huanza pale alipomaliza.

Elimu ya faraidh ilisimama juu ya namba nzima kwa sababu ilibeba amana ya watu. Leo mashine zina kasi ya kutosha kubeba amana hiyo kwa ukamilifu ule ule, na aliyesema zamani kwamba sehemu kamili zinachelewesha kazi hana tena udhuru. Imamu wa Mtowisa mwenye karatasi, asili sahihi na hisa zinazojumlishwa sawasawa yuko katika haki zaidi kuliko mwenye kompyuta ya bei kubwa inayokadiria. Na akiwa na programu inayohesabu kama walivyohesabu wanazuoni wake, basi amepata msaidizi mwema.

Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotekeleza amana kwa wenyewe. Wallahu a'lam.